Ardhi ya Kuchezea Vita

Mwaka 1811 wana wa mfalme wa Prussia walivutiwa na mchezo uliobuniwa na Georg Leopold von Reisswitz: vita vinavyopiganwa mezani, juu ya vilima na mabonde ya mchanga. Baba yao, Friedrich Wilhelm III, alipotaka kuuona na yeye, Reisswitz aliona haya kumpelekea mfalme sanduku la mchanga. Akaomba muda. Mwaka uliofuata alirudi na meza kubwa yenye watoto wa meza, na humo mmejaa vigae vya plasta vilivyopakwa rangi: kimoja kina mto, kingine msitu, kingine barabara inayokata shamba. Ukivipanga hivi unapata nchi moja, ukivipanga vile unapata nchi nyingine.

Wapo watu leo, hasa Uingereza, kwingineko Ulaya na Marekani, ambao burudani yao ni hiyohiyo. Huchagua vita vya kihistoria, hupaka rangi askari wadogo wa metali au plastiki, kisha huvipigana upya kwa rula, dadu na kanuni. Sifa nyingi huwaendea wapaka askari. Insha hii inamsifu fundi mwingine, yule anayetengeneza ardhi wanayosimama askari hao, na vifaa vya kupimia na kuamulia mambo yao. Bila yeye kila zamu ingekuwa mabishano: huyu anamwona yule au hamwoni? Yuko ndani ya msitu au ukingoni? Fundi mzuri huyajibu maswali hayo kwa mikono yake, siku nyingi kabla hayajaulizwa.

Si kila sanamu nzuri ya ardhi ina sifa hiyo. William Siborne, luteni wa Uingereza aliyekuwa bingwa wa kupima ardhi, alipewa mwaka 1830 kazi ya kutengeneza mfano wa uwanja wa vita vya Waterloo. Aliishi miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati kabisa ya uwanja, akipima kila mteremko. Sehemu ya kilima alichokishikilia Wellington, jemadari wa Waingereza, ilikuwa imekwisha kuchimbwa, udongo wake ukajengewa tuta la ukumbusho lenye sanamu ya simba. Siborne akawaandikia maofisa waliopigana pale mwaka 1815: kikosi chako kilisimama wapi, na shambani mlikuwa na mazao gani? Swali hilo la mazao linatosha kumtambulisha fundi wa kweli, kwani ngano ndefu humficha mtu na shamba lililolimwa humchelewesha. Mfano wake ulionyeshwa London mwaka 1838, ukiwa na askari zaidi ya 70,000, na leo uko katika National Army Museum. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini haichezeki: kila askari amegandishwa katika dakika moja ya jioni, na hakuna mkono unaoruhusiwa kumsogeza.

Ardhi ya kuchezea ina masharti magumu zaidi. Chukua kilima. Kikichongwa kama kilivyo porini, kwa mteremko laini, askari watateleza na kuanguka wakilaliana. Kikikatwa ngazi kwa ngazi, askari watasimama imara, lakini jicho litaona keki ya arusi. Mafundi wengi hupita katikati: mteremko wa taratibu, kilele bapa chenye nafasi ya kikosi kizima, na mchanga uliogandishwa juu ili vitako vya askari vishike. Na lazima upande wa nyuma uwepo kweli. Pale Waterloo Wellington aliwaweka askari wake wengi nyuma ya mgongo wa kilima, mizinga ya adui yake Napoleon isiwaone. Fundi akikifanya kilima hicho chembamba mno, amemnyang'anya Wellington mbinu yake kabla dadu haijarushwa.

Kisha kuna fumbo la vipimo. Askari wa milimita 28 ni kama mtu aliyepunguzwa mara 56 au zaidi kidogo. Lakini sentimita moja ya meza ikihesabiwa kuwa mita 10 za nchi, nyumba inayomfaa askari huyo, yenye upana wa sentimita 15, itameza mita 150. Kijiji kizima kitaliwa na paa moja! Ndiyo maana fundi hujenga nyumba ndogo kuliko inavyostahili, mbili au tatu, juu ya kipande cha ubao, na ubao huo wote ndio kijiji. Msitu nao ni vivyo hivyo: mpaka wake ni ukingo wa kibao, na miti huondolewa kwa vidole ili kikosi kipite. Anayedhani huu ni uongo ajaribu kupitisha wapanda farasi katikati ya miti iliyogandishwa kwa gundi.

Malighafi zake ni za kawaida mno, na hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Povu gumu la kuzuia joto majengoni hukatwa kwa waya wa moto likawa majabali. Unga wa mbao uliotiwa rangi huwa majani. Mkeka wa mlangoni wa makumbi ya nazi, ukikatwa vipande, huwa shamba la ngano iliyoiva. Dodoki la kuogea hukatwa likawa vichaka, na kamba ya katani iliyofumuliwa huwa matete ya kando ya mto.

Upande wa vifaa, mwandishi H. G. Wells alionyesha njia katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913. Askari wa miguu walikwenda futi moja kwa zamu, wapanda farasi futi mbili, na mwendo ulipimwa kwa uzi. Kabla ya mchezo pazia lilivutwa katikati ya uwanja, kila mmoja akapanga jeshi lake bila kuonwa. Charles Grant, katika kitabu chake The War Game cha mwaka 1971, ana kifimbo cha kuonyesha jinsi tufe la mzinga linavyogusa ardhi, kuruka juu ya vichwa na kudunda tena. Fizikia nzima imelazwa katika kijiti, na mchezaji hahitaji hesabu yoyote.

Kifaa bora kuliko vyote pengine ni chaki. Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, mjini Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts na wanawake vijana wa jeshi la majini, wakiwemo Jean Laidlaw na Janet Okell, waliigeuza sakafu kuwa Atlantiki. Maofisa wa meli za kusindikiza misafara walichungulia bahari hiyo kupitia matundu ya pazia la turubai. Njia za nyambizi za Wajerumani zilichorwa kwa chaki ya kijani ambayo kutoka matunduni haikuonekana. Ofisa alijua kile tu ambacho angekijua akiwa baharini usiku. Mbinu zilizozaliwa pale zilitumika dhidi ya nyambizi za kweli.

Na vipi vita vya Tanga? Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Ras Kasone kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, wakashindwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliokuwa takriban 1,000. Hakuna vita vinavyomtegemea fundi wa ardhi kuliko hivi. Meza tupu itampa ushindi mwenye watu wengi, kwa sababu kilichowachanganya washambuliaji ni vichaka vizito na mashamba ya mpira na mkonge yaliyowatenganisha, kisha bonde lililochimbwa kupitishia reli mlangoni mwa mji. Fundi ajaze meza mpaka mchezaji asione mbele zaidi ya shubiri mbili, na mkonge aupande kwa safu, kwa nyuzi za katani yenyewe.

Tena kuna nyuki. Waingereza waliovamiwa nao waliamini kuwa Wajerumani wamewafunza, ingawa baadhi ya bombomu za Lettow-Vorbeck nazo zilinyamazishwa na nyuki haohao. Basi mezani kibao kinachowakilisha nyuki kisikabidhiwe upande wowote. Kitiwe kikombeni pamoja na vibao vya zamu, vinavyochomolewa kuamua nani acheze, na kikitoka, dadu iamue kundi litue juu ya nani.