Takawiri kwa Siku Moja: Anza na Boti ya Kurudi

Mkazi wa Migori anayetamani mchanga mweupe hana haja ya kulala ndani ya basi la Mombasa. Kisiwa cha Takawiri kiko Ziwa Victoria, kaunti jirani ya Homa Bay, kati ya Mbita na Mfangano, na kukifikia ni kazi ya asubuhi moja. Safari hii tuliifanya bila wakala wa utalii na bila kulala hotelini: tulitoka Migori kabla jua halijachomoza, tukarudi jioni. Naichambua hapa kwa sababu wengi wanaoijaribu hukwama pale pale. Hupanga kwa makini namna ya kufika, kisha suala la kurudi huliachia bahati.

Abiria wa meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa wanalijua jambo hili vizuri. Aliyenunua matembezi kutoka meli yenyewe akichelewa, husubiriwa. Aliyeshuka kivyake akichelewa, meli huondoka na kumwacha gatini. Mbita hakuna meli za namna hiyo, lakini boti za abiria ziendazo Mfangano zina tabia inayofanana na hiyo. Mara nyingine hupitia Takawiri, zikashusha watu na mizigo, kisha zikaendelea hadi Sena na vijiji vingine vya Mfangano. Ukishuka Takawiri umeshuka katikati ya safari ya wenzako, na hakuna aliyekuahidi kwamba atakupitia tena.

Barabara si tatizo. Kutoka Migori unapita Rongo, unashuka Homa Bay mjini, kisha unafuata lami inayokwenda Mbita, ukiwa na bonde la Lambwe na Mbuga ya Ruma upande wako wa kushoto. Mwenye gari lake au anayebadilisha matatu mapema ataingia Mbita kabla mji haujachangamka. Hesabu ngumu inaanzia gatini.

Ratiba ya boti imefuata maisha ya watu wa visiwani, na ni haki yao. Asubuhi wao ndio wanaokuja Mbita: mgonjwa, mwanafunzi, mama mwenye magunia ya omena. Mchana na alasiri wanarudi nyumbani na unga, sabuni na mabati. Mgeni wa kutoka bara anataka kinyume chake, aende asubuhi na arudi alasiri. Kwenda hapati shida sana, kwa kuwa boti zilizoleta watu asubuhi lazima zirudi. Lakini alasiri, anapotaka kurudi Mbita, boti nyingi zinaelekea upande asioutaka. Ndiyo maana swali letu la kwanza pale gatini lilikuwa boti ya mwisho ya kutoka Takawiri kuja Mbita siku hiyo. Tulimuuliza nahodha, tukawauliza wapakiaji mizigo, tukamuuliza mama aliyekuwa akisubiri kuvuka. Majibu hayakulingana, basi tukaamua kukodi.

Kukodi nako kuna hesabu yake, na wageni wengi huikosea hata pale wanapojua kupatana bei. Sehemu kubwa ya gharama ya boti ya injini ni petroli. Ukikubaliana na nahodha akushushe asubuhi na aje kukuchukua alasiri, injini itavuka maji mara nne: kukupeleka, kurudi Mbita tupu, kukufuata, kukurudisha. Akibaki kisiwani kukusubiri, itavuka mara mbili tu. Ni kweli nahodha anapoteza siku ya kazi, na siku hiyo ni lazima uilipie vizuri, lakini petroli imepungua nusu. Isitoshe, boti yenyewe unaiona imefungwa pale ufuoni, na nahodha anayeisoma hewa ya ziwa yuko karibu nawe.

Wapo wanaodhani watapunguza gharama wakienda kwa boti ya abiria na kukodi ya kurudi pekee. Hesabu haiwaungi mkono. Boti ya Mbita ikija kukufuata inavuka mara mbili vile vile, nawe umeshalipa nauli ya kwenda juu yake. Njia hiyo ina faida iwapo boti utakayokodi ni ya mtu wa Takawiri mwenyewe, ambaye akishakufikisha Mbita atajaza abiria na mizigo ya kurudi kwao. Akiwepo mtu wa namna hiyo, nauli huwa nafuu kuliko zote. Sisi hatukuwa na hakika ya kumpata, tukachagua boti ya kusubiri. Pesa ya mafuta tulitoa kabla ya kung'oa nanga, na salio tukalituma kwa M-Pesa tulipokanyaga Mbita.

Upepo ndio uliotuamulia saa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo hewa hutiririka kutoka bara kwenda ziwani. Jua likishapanda, nchi kavu hupata moto haraka zaidi, mkondo unageuka, na upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja bara. Wavuvi wa matanga waliujua mzunguko huu kabla ya injini kufika: upepo wa usiku uliwatoa, upepo wa mchana ukawarudisha. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha utulivu cha asubuhi, na humo ndimo tulimovukia.

Anayerudi Mbita alasiri husukumwa na upepo kwa nyuma, na wengi huona hiyo ni nafuu. Tatizo liko kwenye mawimbi. Magharibi ya Takawiri ni ziwa lililo wazi, sehemu ya maji yenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na upepo unaovuma masafa marefu juu ya maji hupandisha mawimbi makubwa. Wimbi linalokuja kwa nyuma linaweza kuingia ndani ya boti kupitia tezi, hasa boti iliyojazwa kupita kiasi ambayo tezi yake imeshazama chini. Kwa hiyo tuliondoka Takawiri saa nane mchana, mapema kuliko tulivyotamani, wakati maji yalikuwa yameanza tu kuchafuka. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, ningeondoka mapema zaidi, au ningeiacha safari.

Kuhusu idadi ya watu ndani ya boti sina mjadala. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara nchini Tanzania, na watu 228 wakapoteza maisha. Novemba ya mwaka huo huo boti ya starehe ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, Uganda, ikiwa na watu waliotoka kujiburudisha kama sisi. Uliza jaketi za kuokoa maisha kabla hamjaongea bei. Zivaeni, msizikalie. Nahodha akisema zipo chini ya mizigo, tafuteni nahodha mwingine.

Sasa ufuo wenyewe. Mchanga wa Takawiri ni mzuri kweli, na maji upande wa ziwa wazi ni safi kuliko ya ndani ya ghuba, ambako gugu maji hujazana. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, na fuo nyingi za pande hizi zikafunikwa na maji, kwa hiyo upana wa mchanga utakaoukuta unategemea kiwango cha maji cha mwaka huo. Wengi wanaamini kwamba penye mchanga na mawimbi hapana kichocho. Mchanga haukuhakikishii hilo. Ni kweli konokono wengi wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia penye majani, lakini Ziwa Victoria lina konokono wa jamii hiyo wanaoishi hata chini ya maji ya kina kwenye mchanga. Vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi ya mwisho hadi mchana, saa zile zile ambazo mgeni wa siku moja yuko ufuoni. Anayeamua kuogelea ajue anachokubali, na akapimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa ya prazikwanteli haiwaui minyoo wachanga, hivyo anayeimeza kesho yake anajidanganya.

Jambo jingine nalisema kwa wenzangu wa bara. Bichi za visiwani ni mahali pa kazi. Omena inaanikwa pale, nyavu zinashonwa pale, na waliokesha ziwani na taa wanalala mchana. Kila bichi ya kushushia samaki ina kamati yake ya usimamizi, BMU (Beach Management Unit), iliyowekwa na kanuni za uvuvi za mwaka 2007. Tuliposhuka tulimtafuta kwanza mzee wa kamati, tukamwamkia, tukamweleza tulikotoka na saa tutakayoondoka. Alituonyesha pa kukaa, akatuambia sehemu ambako viboko huonekana. Maelezo hayo hatukuyapata popote Mbita.

Watu wa Nyatike, huku huku Migori, wataniuliza kwa nini tusianzie Muhuru Bay au Sori, ambako ziwa liko mlangoni. Kwa ufuo wa bara, Muhuru inatosha, na wala huhitaji boti. Lakini kisiwa ambacho watu hukitaja zaidi wakiwa upande huo ni Migingo, na Migingo ni mwamba mdogo uliofunikwa kwa nyumba za mabati, wenye wavuvi wengi, polisi, na mzozo wa mpaka kati ya Kenya na Uganda uliodumu kwa miaka. Safari ya kwenda huko ni ndefu na inapita maji ya wazi. Hapafai kwa mapumziko ya familia. Takawiri panafaa.

Yote tuliyoyafanya yangekuwa mepesi zaidi kama habari za boti zingekuwa zimeandikwa mahali. Naziomba serikali za kaunti za Homa Bay na Migori ziweke ubao kwenye gati la Mbita, Sori na Muhuru Bay, wenye majina ya visiwa vinavyopitiwa, saa ya boti ya kwenda, saa ya boti ya mwisho ya kurudi, na idadi ya abiria inayoruhusiwa. Gharama yake ni ndogo, na faida yake itawafikia wakazi wa visiwa kabla ya kumfikia mtalii yeyote.