Filamu ya Msiba Hupimwa Baada ya Tanga

Filamu inayohusu familia iliyofiwa hupimwa kwa yale inayoyaonyesha baada ya tanga kuvunjwa. Kilio cha makaburini hakipimi kitu: mwigizaji yeyote mwenye pumzi anaweza kulia, na kinanda kikipigwa taratibu mtazamaji naye atalia. Kazi ngumu huanza pale turubai linaposhushwa, viti vya kukodi vinaporudishwa, ndugu wa mbali wanapopanda basi, na waliobaki wanapotazamana ndani ya nyumba iliyopungua mtu.

Mtazamaji wa Sengerema, mkoani Mwanza, awe kwenye kibanda umiza au sebuleni akifuatilia chaneli ya Sinema Zetu, ana ujuzi wa kutosha kuihukumu kazi ya aina hii, maana msiba anaujua kwa hatua zake: simu ya usiku, kikao cha ukoo, daftari la michango, sufuria za kuazima, kisha siku ya mwisho ambapo msemaji wa familia husimama na kuwataka wanaomdai marehemu wajitokeze. Dakika hizo za madeni ni hazina kwa mwandishi wa filamu. Mjane anaweza kusikia hadharani deni ambalo hakuwahi kuambiwa, na ndoa nzima ikafunuka bila mtu kupaza sauti. Filamu inayoziruka dakika hizo ili iwahi ugomvi wa mirathi imetupa sehemu yake bora.

Safari ya maiti nayo huonyesha kama mwongozaji anaijua nchi anayoipiga picha. Kwa miaka mingi, aliyefia hospitali ya Bugando jijini Mwanza na kwao ni Sengerema alirudishwa kwa maji, mara nyingi kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko haikujali jeneza. Daraja la takribani kilomita 3 lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 limeufanya uvukaji huo kuwa wa dakika chache. Hadithi ya mwaka 2010 inayovuka Ziwa Victoria bila kusubiri ina kasoro. (Kwa wananchi daraja ni neema, kwa waandishi limeondoa mahali ambapo ndugu wasioelewana walilazimika kukaa pamoja.)

Ziwa lenyewe limeleta misiba mikubwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Wavuvi nao hupotea mmoja mmoja, bila habari kufika magazetini. Msiba usio na mwili ni mtihani mgumu kuliko yote kwa fundi wa filamu: tanga linawekwa lini, na nani ana mamlaka ya kusema sasa basi? Kazi dhaifu humrudisha aliyepotea akiwa hai katika dakika ya mwisho.

Katika mirathi, ubovu huonekana haraka. Filamu nyingi za Bongo humleta shemeji mwenye roho mbaya anayebeba hati ya nyumba na kumfukuza mjane, na hadithi nzima inaning'inia kwenye ubaya wake. Mambo hayo hutokea kweli, lakini baba mdogo anayedai shamba huwa na uzito zaidi akiwa pia ndiye aliyelipa ada za watoto marehemu alipokuwa hana kitu. Hapo mtazamaji hajui amwunge mkono nani, na hawezi kuondoka kitini.

Lugha isipuuzwe. Bibi wa Buzinza, eneo la Wazinza, anayeomboleza kwa Kiswahili cha msoma habari humtoa mtazamaji nje ya hadithi mara moja. Familia za huko hupita kati ya Kizinza, Kisukuma na Kiswahili kutegemea nani kaingia mlangoni, na sikio zuri huyaandika mabadiliko hayo. Kuhusu sauti, yatosha kusema kwamba muziki unaoanza kabla mhusika hajapewa habari ya kifo umemwibia mwigizaji kazi yake.

Suala la kuendelea na maisha ndilo linalotenganisha kazi bora na za kawaida. Maandishi ya “Miaka mitano baadaye” mara nyingi huficha sehemu ambayo mwandishi hakuiweza. T-Junction ya Amil Shivji (2017) haikimbilii huko: Fatima amefiwa na baba aliyekuwa mbali naye, hajui hata namna ya kumlilia, na huzuni yake inapata njia kwa kumsikiliza Maria, mgonjwa aliyekutana naye hospitali. Supa Modo ya Likarion Wainaina (Kenya, 2018) inatangaza mapema kwamba mtoto Jo hatapona. Mtazamaji akishalijua hilo, macho yake yanahamia kwa mama anayetaka kumlinda mtoto ndani ya nyumba na dada anayemtaka acheze, na wote wawili wana haki. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill (2001) inakwenda njia ndefu zaidi: Samehe, aliyechezwa na Amandina Lihamba, amenyamaza miaka mingi kwa sababu ya kifo cha mama yake, na filamu inauheshimu ukimya huo hadi mtazamaji asiye na subira aanze kulalamika. Ina mafumbo mengi kupita kiasi, lakini haidai kwamba jeraha la utotoni huponywa kwa harusi katika tukio la mwisho.