Matofali 12 ya Dundee

Katika gemu ya Lemmings kuna kijitu ambacho kazi yake ni kujenga daraja. Ukikibofya kwa kipanya, kinaanza kupanga matofali mbele yake, kila moja juu kidogo ya lililotangulia, huku kikipanda ngazi yake chenyewe. Kina matofali 12 tu. Kila kinapoweka moja ya yale matatu ya mwisho, unasikia mlio mdogo. Baada ya la 12 kinasimama, kinainua mabega kama fundi aliyeishiwa vifaa, kisha kinaendelea na safari hata kama mbele yake ni shimo.

Hakuna maandishi yanayokuonya kwamba matofali yanakwisha. Sikio linakuambia ujiandae, jicho linakuambia umechelewa. Mara ya pili kijitu hakifi tena, kwa sababu umeshaelewa. Huo ndio ufundi ninaousifu hapa: kumfundisha mtu bila kumhutubia.

Lemmings ilitengenezwa Dundee, mji wa Scotland ulioko penye mlango wa mto Tay, wenye watu kama 150,000 hivi. Zamani ulijulikana kwa viwanda vya kusuka magunia ya juti kutoka Bengal, kwa jemu, na kwa magazeti na vitabu vya katuni vya DC Thomson. Viwanda vya juti vilipokuwa vikifa, kiwanda cha saa cha Timex kilipata kazi ya kuunganisha kompyuta ndogo za Sinclair, ikiwemo ZX Spectrum iliyotoka mwaka 1982. Ilikuwa kompyuta ya bei nafuu, na vijana wa mji wakaizoea mapema. Baadhi yao walikutana kwenye klabu ya wapenzi wa kompyuta ya Kingsway: David Jones, Mike Dailly, Russell Kay na Steve Hammond. Jones alikuwa mwanagenzi pale Timex. Alipopunguzwa kazini, fedha za kiinua mgongo alinunulia kompyuta ya Amiga. Kutokana na kundi hilo ikazaliwa kampuni ya DMA Design.

Lemingi wenyewe, yaani vijitu vya gemu hiyo, walianza kama ubishi wa kazini. Gemu nyingine iliyokuwa ikitengenezwa ilihitaji watu wadogo sana, na Dailly akataka kuonyesha kwamba mtu anaweza kuchorwa ndani ya kisanduku cha pikseli 8 kwa 8 na bado akaonekana anatembea. Hebu fikiria ugumu wake. Katika nafasi hiyo macho hayaingii, vidole haviingii, na mkono mzima ni pikseli moja au mbili. Kinachobaki kwa mchoraji ni mwendo: kichwa kitikisike vipi, nywele zirudi nyuma lini, mguu uinuke kabla au baada ya bega. Mwenzao Gary Timmons aliulainisha mwendo huo, na Russell Kay ndiye aliyeona kwamba humo mna gemu. Gemu ikauzwa kuanzia Februari 1991 na kampuni ya Psygnosis ya Liverpool.

Ukitaka kuona ualimu wao, tazama hatua ya kwanza kabisa. Unapewa lemingi 10, unatakiwa kuokoa mmoja tu, na kazi unayoweza kuwapa ni moja: kuchimba kwenda chini. Huwezi kukosea sana, na ukikosea hupotezi kitu. Hatua zinazofuata zinaleta kazi nyingine: kupanda ukuta, kushuka kwa mwavuli, kuzuia njia, kutoboa kuta. Mwishowe unakuwa na kazi 8 mkononi na kundi linaloelekea kifoni, nawe unajua la kufanya bila kukumbuka ulifundishwa lini. Watunzi walizichora hatua hizo kwa chombo kilichofanana na programu ya kuchorea, wakapeana wazijaribu, na Jones akawa anashindana nao kuzivunja. Hatua ambayo mwenzako hakuielewa ilirudi mezani.

DMA Design ndiyo iliyotengeneza gemu ya Grand Theft Auto, iliyotoka mwaka 1997, na baadaye ikahamia Edinburgh. Mji mwingine ungebaki na kumbukumbu tu. Dundee ilibaki na desturi ya kufunzana, na mwaka huohuo wa 1997 Chuo Kikuu cha Abertay, kilichopo katikati ya mji, kilianzisha shahada ya teknolojia ya michezo ya kompyuta, ambayo chuo kinajivunia kuwa ya kwanza duniani.

Mfano bora wa mafunzo ya Abertay ni shindano lililoitwa Dare to be Digital. Timu za wanafunzi watano zilikaa chuoni wakati wa kiangazi kwa muda wa wiki 9 hivi. Ndani ya timu moja kulikuwa na waandishi wa programu, wachoraji, na mara nyingine mtu wa sauti. Mabingwa kutoka makampuni walipita kuwakosoa. Mwishowe kila timu ilitoa gemu fupi inayochezeka na kuiweka hadharani katika tamasha la Protoplay. Hapo mtoto aliyekuja na mama yake alishika kidhibiti, akabonyeza kitufe kisicho chake, akakwama. Aliyeitengeneza alisimama nyuma yake, akijizuia kumwambia kitu, maana gemu ikishauzwa hatakuwepo kuwaeleza watu. Dakika hiyo ya kunyamaza ina somo kuliko mihadhara mingi.

Mafunzo hayo hayaondoi hatari za biashara. Realtime Worlds, kampuni nyingine ya Jones, iliporomoka mwaka 2010 muda mfupi baada ya gemu yake APB kutoka, na watu wengi walikosa kazi kwa mkupuo. Lakini ujuzi haukuondoka wote. Wengine walianzisha vikampuni hapohapo mjini, na kampuni ya 4J Studios ya Dundee ndiyo iliyoifikisha gemu ya Minecraft kwenye Xbox 360 mwaka 2012. Kampuni inaweza kufa na ufundi ukabaki, mradi wako watu waliokwisha kuumaliza mchezo kwa mikono yao.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanao anataka kusomea gemu, usianze kuhesabu kompyuta za maabara. Kiulize chuo maswali mawili: mwanangu atamaliza gemu ngapi kabla ya kuhitimu, na ni nani asiyemjua atakayezicheza mbele ya macho yake? Wakishindwa kukujibu, tafuta chuo kingine.