Vitabu vya Noeli na Ukurasa Tunaouruka

Desemba ikikaribia, watu wa Nizi wanatafuta mchele, kuku na kitenge kipya, na watoto wanaanza kujifunza mchezo wa Noeli. Kitabu hakitajwi sana katika matayarisho hayo. Kumbe desturi yetu ya Noeli karibu yote imetoka vitabuni, hata kwa yule asiyejua kusoma. Ndiyo sababu sisi wenye kuandika hapa tuliulizana: kila mtu anapenda kitabu gani cha Noeli, na kinatufundisha nini? Hatukupatana kwa yote.

Wengi walijibu palepale: Luka, sura ya pili. Haishangazi. Usiku, wachungaji na mifugo yao, malaika, na mtoto amelazwa pahali ng'ombe wanakulia. Katika Biblia ya Union Version ya 1952 pahali hapo panaitwa hori, neno ambalo watoto wetu hawalijui. Wao wanaelewa tu kwamba alilala kwenye majani ya ng'ombe, na hiyo inatosha. Katika Djugu, nchi ya wafugaji na wakulima, si jambo dogo kusikia kwamba watu wa porini ndio waliopata habari wa kwanza, mbele ya wakubwa wa mjini. Ila mchezo wetu umeongeza mambo. Yule mwenye nyumba mkali anayewafukuza Maria na Yosefu mlangoni, Luka hamjui. Yeye anasema nafasi ilikosekana, basi. Hata punda hayumo. Hatukatazi kuongeza (na huyo mwenye nyumba ndiye anachekesha watu kupita wote), lakini tushike neno hili, tutalirudia.

Waliosoma Kifaransa shuleni walitaja Dickens, kitabu chake cha 1843 kinachoitwa Un chant de Noël. Mzee Scrooge ni tajiri na mchoyo, karani wake Bob Cratchit anapata shilingi 15 kwa juma na ana mtoto kilema. Mizimu inamtembelea mzee usiku, anaonyeshwa kaburi lake, anageuka. Watu wanakumbuka bata mzinga mkubwa aliyemtuma nyumbani kwa karani asubuhi ya Noeli. Sisi tunapenda zaidi kinachofuata kesho yake: anamwongezea mshahara. Bata mzinga analiwa siku moja. Mtu ambaye baba yake alitumika migodini anajua tofauti ya zawadi ya sikukuu na mshahara wa mwezi. Kosa la kitabu, kwa maoni yetu, ni kwamba karani mwenyewe hana la kusema. Anangoja tu mpaka bwana wake aote ndoto.

Mmoja wetu alileta habari ya Andersen ya 1845, ya msichana anayeuza viberiti katika baridi. Kwanza, si ya Noeli, ni ya usiku wa mwisho wa mwaka. Tena inatusumbua. Mtoto anaogopa kurudi nyumbani bila pesa, baba atampiga, watu wanapita, asubuhi amekufa na wanamhurumia. Maneno ni mazuri mno juu ya kifo cha namna hiyo. Watoto wanaouza karanga Bunia hawahitaji kulialia kwetu, wanahitaji mtu asimame mbele ya asubuhi.

Sasa Mathayo, sura ya pili. Kila mwaka tunaona wafalme watatu na taji za karatoni. Mathayo hakusema wafalme wala watatu. Alitaja zawadi tatu, dhahabu, uvumba na manemane. Dhahabu! Nizi neno hilo halipiti bure. Dhahabu ya Kilo ilivumbuliwa mwaka 1903, babu zetu waliichimba, na leo vijana bado wanaosha mchanga mtoni. Basi mtoto anaweka kikopo chake mbele ya krechi, watu wanapiga makofi, mchezo umeisha.

Hapo ndipo tunakataa. Mathayo haishii pale. Mara Yosefu anaamshwa usiku, anachukua mtoto na mama, wanakimbilia Misri, na nyuma yao Herode anaua watoto wadogo wa Betlehemu. Hatari iliingia na hao wageni wa dhahabu, waliofika Yerusalemu wakiuliza njia, mpaka habari ikafika kwa Herode. Dhahabu na ukimbizi viko katika sura moja. Nani hapa anahitaji mwalimu amwelezee?

Kwa Wakatoliki kalenda inasaidia kusahau: Luka anasomwa usiku wa Noeli, wageni wa mashariki wanangoja Epifania, na Herode anasomwa tarehe 28 Desemba, mara nyingi siku ya kazi, kanisa likiwa na watu wachache. Waprotestanti wengi hawafuati kalenda hiyo, lakini mchezo wao nao unaishia kwenye zawadi. Tuliambiwa: Noeli ni furaha, tusilize watu. Tunaelewa. Mtu aliyekimbia vita ya 1999 mpaka 2003, akakimbia tena nyuma ya Desemba 2017, hana hamu ya kuona askari wa Herode, hata kama upanga ni wa ubao. Lakini yule aliyelala chini ya hema kule Kigonze, Bunia, tumwonyeshe tu taji za wengine? Ukurasa wa Misri ndio wake.

Mathayo hakuandika nani aliwapokea huko. Kama tuliweza kumtunga mwenye nyumba anayefukuza, tunaweza kumtunga pia mtu wa Misri anayefungua mlango usiku, anauliza mtoto amekula nini, anasogeza mkeka wake. Maneno yake hayajaandikwa. Vazi ni rahisi, kitenge chochote cha nyumbani.