Ngome ya Dufile na Wenyewe

Ngome ya Dufile, iliyo ukingoni mwa Mto Naili katika Wilaya ya Moyo, imepata wenyewe wengi. Ilianzishwa katika miaka ya 1870 chini ya Gordon. Ikarithiwa na Emin Pasha. Ikaachwa mwaka 1889. Kisha Wabelgiji wakaikalia tangu 1902 hadi 1907. Kwetu sisi tunaosomesha pande za Ludara, Koboko, habari hizo si za mbali.

Mwaka 1890 Jephson, aliyezuiliwa humo pamoja na Emin mwaka 1888, alitoa kitabu juu ya uasi wa askari. Sifa yake ni kwamba aliyaona mambo kwa macho yake. Kasoro yake iko papo hapo: mfungwa humtazama mlinzi kama adui. Askari wale walihofia kuhamishwa kutoka nchi walikooa na kuzaa. Kitabu chawaita waasi. Yumkini wao walijiona wanalinda makazi yao. Waliochimba handaki na kuinua boma la udongo hawakuandika kitabu, nasi tumezoea kuwahesabu wenye ngome kwa majina ya makamanda tu.

Wanubi, ambao wengi wao ni wazao wa askari hao, wangali wakisema Kinubi na Kiswahili katika Arua na Koboko. Basi mwalimu asomeshapo habari za Dufile, na awatume wanafunzi kwa wazee hao wakaulize na kuandika, ili kitabu cha mfungwa kisomwe sambamba na masimulizi ya wazao wa mlinzi.