Mdomo, Ringi na Mpini: Usomaji wa Spana Namba 14

Spana namba 14 ya kawaida, yenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, ukiilaza mezani utaona kichwa chake kimekaa upande, na mnunuzi asiyeizoea anaweza kudhani imepinda kiwandani. Mpindo huo ni wa makusudi, na ndio mahali pazuri pa kuanzia usomaji wa umbo lake. Taya zimegeuzwa nyuzi 15 kutoka kwenye mstari wa mpini, kwa hiyo ukiipindua spana, uso wa juu ukawa chini, mdomo unaelekea upande mwingine na tofauti kati ya mikao hiyo miwili ni nyuzi 30. Nati ya pembe sita hujirudia kila baada ya nyuzi 60; bila mpindo, mkono ungehitaji nafasi ya nyuzi 60 kamili ndipo taya zishike pande mbili zinazofuata. Kwa mpindo, nusu ya nafasi hiyo inatosha: unasukuma, unatoa, unapindua, unashika tena. Chini ya boneti ya Toyota IST au Noah, ambako mpini mara nyingi huachiwa upana wa vidole vichache tu, tofauti ya nyuzi 30 ndiyo inayoamua kama bolti itatoka leo au gari litavutwa hadi gereji. Aliyebuni umbo hili alifikiria ufinyu wa mahali kabla hajafikiria nguvu, na mpangilio huo wa fikra umebaki ndani ya chuma.

Upande wa ringi unajibu swali lilelile kwa njia nyingine. Ringi ya pembe 12 hushika nati kila baada ya nyuzi 30 bila kupinduliwa, ilhali ya pembe sita hudai nyuzi 60 lakini hukumbatia ubapa wote wa nati. Huu ni mvutano wa kweli kati ya wepesi wa kuingia na uthabiti wa kushika, na sidhani kuna upande uliokwisha kushinda. Lakini kwa gari linalolala Shangani hapa Mtwara, au linaloshuka kila wiki Msimbati ambako chumvi ya bahari hufika hadi kwenye bolti za bomba la moshi, nachagua ringi ya pembe sita, kwa sababu kichwa cha bolti kilichokwisha kuliwa na kutu hakina tena kona za kukopesha. Chungulia ndani ya ringi kabla hujalipa. Katika spana iliyofikiriwa vizuri, kona za ndani zimechongwa kwa kijiviringo kidogo ili msukumo uangukie ubapani mwa nati, mbali na ncha ya kona. Snap-on ya Marekani iliupa muundo huo jina la Flank Drive katika miaka ya 1960, na siku hizi viwanda vingi vimeufuata kwa majina mengine. Spana ya bei ya chini kabisa huwa na kona kali zilizokatwa kama nyota, nazo huanza kula nati siku ya kwanza.

Urefu wa mpini nao ni sehemu ya maana, kama mizani ilivyo katika mshororo: namba 10 ni fupi, 14 ina urefu wa sentimita 18 hivi, 19 inazidi hapo, na hakuna urefu uliowekwa kwa ajili ya urembo. Nauita urefu huo kikomonguvu, yaani mpaka ambao umbo linauwekea mkono. Drenplagi ya oili ya Toyota nyingi ina kichwa cha 14 na hukazwa kwa nyutoni-mita 37 hivi. Kwa mpini wa sentimita 18, hiyo ni kama kuning'iniza uzito wa kilo 20 mwishoni mwa spana, kazi ambayo mkono mmoja wa mtu mzima huifanya bila kukunja uso. Nati za matairi, ambazo kichwa chake ni 21, hutaka nyutoni-mita 103, ndiyo maana wili spana ni ndefu zaidi. Anayechomeka bomba kwenye mpini wa 14 ili kuongeza nguvu amefuta mpaka uliokuwa umeandikwa, na nyuzi za skrubu ndani ya sampu ya oili ndizo zitakazolipa. Kufungua nati ya tairi iliyoganda ni jambo jingine, hapo bomba lina haki yake.

Tukitoka kwenye spana moja hadi kwenye seti, swali linakuwa la utunzi. Seti ya fundi wa magari ya Kijapani husomeka 8, 10, 12, 14, 17, 19, na msomaji makini atauliza 13, 15, 16 na 18 ziko wapi. Mapengo hayo yanaeleza asili ya gari. Wajapani huweka kichwa cha 12 kwenye bolti yenye unene wa milimita 8, cha 14 kwenye ya 10, cha 17 kwenye ya 12; gari la Ulaya kwa bolti hizohizo litadai 13, 16 na 18. Kwa kuwa barabara za Mtwara zimejaa Toyota zilizotumika Japani kabla ya kufika huku, mwenye gari anayetaka kujifanyia kazi nyumbani hahitaji zile seti kubwa za vipande zaidi ya mia moja zinazouzwa ndani ya sanduku la plastiki. Nimezipekua seti hizo dukani, na udhaifu wake ni wa utunzi zaidi ya chuma: nusu ya vipande ni ncha ndogo za bisibisi za kubadilisha, saizi za inchi zimechanganywa na za milimita kwa rangi ileile, na spana 10, inayofungua terminali za betri na vifuniko vingi na kupotea kuliko zote, imewekwa moja tu. Spana nzuri za saizi hizo sita, huku 10 zikiwa mbili, ni matini fupi iliyokamilika.

Suala la inchi lina historia yake hapa kusini. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilizaliwa na mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, na mashine za mpango huo, za Kiingereza na Kimarekani, zilifungwa kwa vipimo vya inchi. Reli iling'olewa mapema miaka ya 1960, lakini inchi hazikuondoka nayo, kwani bado zinakuja ndani ya hizo seti kubwa. Tazama tofauti zilivyo ndogo. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo inaingia kwenye nati ya 19 kama ndugu yake. Tisa kwa kumi na sita ni 14.29, nayo ukiivisha kichwa cha 14 inachezacheza kwa robo ya milimita na zaidi kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni ila kona za bolti zinakihisi. Dawa yake ni kwenda dukani na bolti safi ya kichwa cha 14 mfukoni, uvishe spana, utikise. Mkono utakwambia kile ambacho maandishi ya Chrome Vanadium kwenye mpini hayakwambii, maana maandishi hayo hutaja aina ya chuma na kunyamaza kuhusu uchongaji.

Spana malaya ningeipa nafasi fupi. Umbo lake la leo, lile la taya inayosogezwa kwa gurudumu la skrubu, linatokana na hataza ya Msweden Johan Petter Johansson ya 1892, na kama wazo la kimuundo linastahili heshima: kifaa kimoja kinachokataa kuwa na namba. Lakini taya inayosogea haiwezi kukosa mlegeo. Ifae mabomba ya maji.

Bisibisi ya nyota inahitaji subira zaidi, kwa sababu hapo kosa halionekani. Ncha ya Phillips, ambayo hataza zake Marekani ni za 1936, ina mbavu zinazoteremka kwa mteremko, nazo huwa na tabia ya kujisukuma nje ya skrubu nguvu inapozidi. Skrubu za Kijapani zilifuata kiwango chao, chenye shimo linalofanana nalo sana, ila ncha inayolingana nalo hukaa chini zaidi na haijisukumi nje upesi. Mtu anayeona vichwa vya skrubu vya Toyota yake vikiharibika kila akivigusa hulaumu kutu, kumbe mara nyingi ni ncha mbili za jamii tofauti zilizolazimishwa kuoana.

Rachi ya kuzungushia soketi huuzwa kwa idadi ya meno. Yenye meno 72 husogea nyuzi 5 kwa kila mlio, yenye 36 nyuzi 10, na mlio mwembamba wa ile ya kwanza unashawishi. Ila meno mengi ni meno madogo, na mchanga wa pwani hauchagui pa kuingia. Kwa kazi inayofanyika uani, ya meno 36 ndiyo inayosomeka muda mrefu zaidi. Kromu nayo hung'aa dukani na kubambuka baharini, ikiacha kingo zinazokata kiganja huku kutu ikitambaa chini yake. Kitambaa chenye oili chafu kidogo, kikifungiwa pamoja na spana, kinatosha kuizuia kutu hiyo.

Jeki ya mkasi inayokuja na gari ndiyo ninayoiogopa kimaumbo. Inapokuwa chini, mikono yake imelala karibu sambamba na ardhi, na skrubu inalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe. Kadiri inavyosimama, mikono inanyooka na kuzungusha kunakuwa kwepesi. Maana yake mkono huhisi kazi inapungua katika dakika ileile ambayo gari liko juu zaidi na kitako cha jeki, chenye upana wa kiganja, kinabeba mzigo usiotulia. Stendi ya kuegemezea gari haidanganyi hivyo: miguu yake imetanuka, jino lake limekaa kwenye tundu au halijakaa, na unaliona. Fedha inayobaki baada ya spana zile inunue stendi mbili, na kwa anayefanyia kazi kwenye mchanga wa Msimbati au Mikindani, kipande cha ubao mgumu chini ya kila moja, kipana kuliko miguu yake.