Kitabu Kimoja, Watoto Sitini: Juu ya Kuchagua Vitabu vya Picha

Mwalimu wa shule ya msingi aingiapo darasani na nakala moja ya kitabu cha picha, huku watoto 60 wakimngoja, huwa amekwisha kutoa hukumu ya uhakiki kabla hajafungua mdomo. Amekichagua kitabu hicho na kuviacha vingine. Aghalabu hukumu hiyo hutolewa kwa pupa: jalada linang'aa, bei ni nafuu, au hadithi inamalizikia kwa funzo. Nawaomba walimu wenzangu tuipe hukumu hiyo uzito unaoistahili.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini sheria haifuti kumbukumbu. Wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, na mtoto huirithi hofu ya nyumbani kabla hajarithi msamiati. Kwa hiyo picha ya kwanza anayoonyeshwa katika somo la Kiswahili ni zaidi ya pambo. Ni ushahidi kwamba lugha hii ni ya watu wa namna gani.

Nianze na vitabu viwili vya Muriel Feelings, vilivyochorwa na Tom Feelings na kutolewa nchini Marekani: Moja Means One cha mwaka 1971, kinachofundisha tarakimu, na Jambo Means Hello cha mwaka 1974, kinachofundisha herufi. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott kwa ajili ya picha zake. Mwandishi hakuiona Afrika ya Mashariki kwa mbali tu, kwani katika miaka ya 1960 alifundisha sanaa mjini Kampala. Naye mchoraji alikuwa amekaa na kufanya kazi Ghana. Picha zao hazina rangi kali za kuvutia macho dukani. Zina kivuli na mwanga, na watu waliomo wana utulivu na heshima.

Hata hivyo, mwalimu asidanganywe na jina la kitabu. Maelezo yake ni ya Kiingereza, na msomaji aliyekusudiwa ni mtoto wa Marekani anayetafuta asili yake. Neno “jambo” lililosimama peke yake si salamu tunayoifundisha. Sisi husema “hujambo”, na mwenzio hujibu “sijambo”. Tena kitabu kinatoa neno moja kwa kila herufi, herufi 24 kwa jumla, kwa kuwa Q na X hatunazo. Mpango huo ni mzuri kwa jicho, lakini unaiacha sauti ya ng' bila ukurasa wake, nayo ni sauti inayohitaji mazoezi. Anayekitumia kitabu hiki kama kitabu cha kusomea atakuwa amekitwika mzigo usio wake.

Pamoja na kasoro hizo, sikuweza kukiacha Moja Means One. Niliyafunika maelezo kwa karatasi, nikawaonyesha wanafunzi wangu wa darasa la nne picha peke yake. Tulipofika kwenye akina mama waliobeba watoto mgongoni, msichana mmoja, ambaye kwa muhula mzima hakuwa amesema neno, aliuliza: “Mwalimu, kumbe hata akina mama husema Kiswahili?” Sikumjibu upesi. Swali lake lilinifahamisha kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa nikifundisha ngeli kwa mtoto aliyedhani kuwa lugha hii haina mama.

Kitabu cha tatu ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotolewa London mwaka 1994. Handa, msichana wa Kijaluo wa Kenya, anampelekea rafiki yake Akeyo kikapu cha matunda kichwani. Maneno yanatuambia tu anavyojiuliza ni tunda gani litakalompendeza Akeyo. Picha ndizo zinazoufichua wizi: tumbili anachukua ndizi, mbuni pera, pundamilia chungwa, ndovu embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku anamalizia tunda la pasheni. Handa hana habari. Mwishowe mbuzi anaparamia mti, na machenza yanamiminika kikapuni.

Hapa ndipo ilipo siri ya kitabu cha picha kilicho bora: picha inajua jambo ambalo maneno hayalisemi. Darasa langu halikuweza kunyamaza. “Mwalimu, ndizi imechukuliwa!” Kisha wakasema, “Pera imechukuliwa!” Nikawarekebisha: pera limechukuliwa, chungwa limechukuliwa, nanasi limechukuliwa. Mwisho wakapata wingi wake bila kusukumwa: machenza yameanguka. Upatanisho wa kisarufi ulioshindikana ubaoni kwa wiki mbili ulieleweka kwa kikapu kimoja, kwa sababu safari hii watoto walikuwa na jambo la kusema.

Kitabu hiki nacho kina dosari. Ndovu, twiga na mbuni kupishana na mtoto njiani si mambo ya kila siku katika vijiji vya Wajaluo, na mgeni aweza kudhani kwamba Afrika yote ni mbuga. Wanafunzi wangu waliligundua hilo wenyewe, nasi tukalifanya mjadala. Dosari inayoweza kujadiliwa na watoto haitoshi kukitupa kitabu.

Wapo watakaosema kwamba vitabu hivi ni ghali, nami nakubali. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook umekuwa ukitoa bure hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mwalimu anaruhusiwa kuzichapa. Lakini bure nayo yataka jicho. Picha ileile yaweza kutumiwa katika hadithi zaidi ya moja, hivyo mara nyingine picha na maneno hukaa pamoja kama abiria wasiojuana. Tusome kwanza, ndipo tuchape.

Basi, kabla ya kununua au kuchapa, mwalimu ajiulize maswali matatu. Nikiyafunika maneno, je, picha itasema? Nikiyafunua, je, litabaki jambo ambalo mtoto atalisema mwenyewe? Na mtoto wangu akitazama ndani, je, atamwona mtu anayeweza kuwa mama yake? Moja Means One kinajibu vema swali la tatu, na Handa's Surprise kinajibu la pili. Sijapata kitabu kimoja cha Kiswahili kinachoyajibu yote matatu kwa ukamilifu, na hiyo ndiyo kazi inayowangoja waandishi na wachoraji wetu. Yule msichana sasa hunyosha mkono. Tusimrudishe kwenye ukimya kwa kitabu tulichokichagua kwa sababu tu jalada lake liling'aa.